UZI: Makaa ya mawe kwenye misitu ya hifadhi, miti inahesabiwa, udongo nani anauhesabu?

Mwanamisitu

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeukalia muda maana ni mrefu, ila kila nikisikia mtu anasema "mgodi sio tatizo bana, si watapanda miti mingine" nachemka, kwahiyo leo naushusha. Anayeona uvivu kusoma apite salama, sina ugomvi naye.

Kisa chenyewe ni cha India. Kuna msitu unaitwa Hasdeo Arand, jimbo la Chhattisgarh, kama hekta 170,000 hivi, na chini yake kuna makaa ya mawe zaidi ya tani bilioni 5. Hapo tu ushajua ugomvi unaanzia wapi. Wanaishi humo watu wa jamii ya Gond na wengine, na maisha yao kwa sehemu kubwa ni msitu: mwezi wa tatu na wa nne wanaokota maua ya mti uitwao mahua, yanaanguka usiku, alfajiri kinamama wako chini ya mti na vikapu, wanakula, wanauza, wanapikia pombe. Ukipita huo msimu wanachuma majani ya tendu, yale ya kusokotea sigara za bidi.

Kwanini India na sio kwetu? Kwasababu kule yametokea yote mpaka mwisho na kumbukumbu zipo. Alafu makaa ya Hasdeo na makaa yetu ya Ngaka kule Mbinga yana ukoo mmoja, yote ni ya enzi ya Permian, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, India na Afrika zikiwa bado zimeshikana kwenye bara moja la Gondwana, na mmea mkuu uliozikwa ukageuka makaa ni Glossopteris, huku na kule. Mabaki yake kwenye mawe yamekutwa mpaka bonde la Ruhuhu, huko huko kusini kwetu. Na misitu iliyo juu yake nayo inafanana tabia kuliko mnavyodhani, nitafika huko.

Sasa sikilizeni sinema. Mwaka 2009 kuelekea 2010 wizara ya mazingira ya India na wizara ya makaa walikaa wakachora ramani, hapa mtachimba, hapa msiguse. Hasdeo ikaangukia kwenye "msiguse". Mwaka 2011 kamati ya ushauri wa misitu ikakataa ombi la kitalu cha makaa kinachoitwa Parsa East na Kanta Basan, waziri wa wakati huo Jairam Ramesh akaipiku kamati yake mwenyewe akapitisha, hoja ikiwa kwamba kitalu kiko pembeni na kuna safu ya vilima inakitenga na msitu wenyewe. 2013 uchimbaji ukaanza, mwenye mgodi ni shirika la umeme la serikali ya jimbo la Rajasthan na anayechimba kwa mkataba ni kampuni ya Adani. 2014 mahakama ya mazingira ikafuta kibali cha msitu, mahakama kuu kabisa ya nchi ikaruhusu kazi iendelee wakati rufaa inasubiri. Mwaka 2022 wakapewa awamu ya pili, hekta 1,136 za msitu. Yani "pembeni" ilikuwa ndo mlango.

Sasa nije kwenye mimea maana ndo mada.

Mwaka 2024 serikali kule ilitoa hesabu bungeni: miti iliyokatwa kwenye huo mgodi ni 94,460, inayotarajiwa kukatwa miaka ijayo ni 273,757, na kufidia wamepanda miche milioni 5.3 ambayo milioni 4 na kidogo imeshika. Ukisoma hivyo unasema aah mbona wamelipa na riba juu. Mi nikisoma hivyo naona wamehesabu kitu kinachohesabika wakaacha msitu. Hesabu ya miti inachukua shina lililofika unene fulani. Mche wa mwaka huu haumo. Mtambaa haumo, okidi iliyokaa kwenye tawi haimo, nyasi ya chini haimo, mbegu iliyolala kwenye udongo haimo. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa misitu walipoorodhesha pale walipata aina 167 za mimea, 18 zikiwa za kutishiwa kutoweka. Ukiniuliza hiyo milioni 4 iliyoshika ni aina ngapi, sanasana ndo ile ile inayopandwa kwenye vifusi vya migodi India nzima, akasia ya Australia, mikaratusi, mijohoro. Mijohoro wakuu! Ule wa kivuli cha ofisi ya kata.

Mti mkuu wa Hasdeo unaitwa sal. Mbegu yake inaanguka karibu na mvua za mwezi wa sita na inakufa ndani ya siku chache kama haijaota, wiki moja hivi basi, huwezi kuiweka kwenye gunia ukasubiri bajeti ipite. Ikiota, mche unanyauka juu kila kiangazi unabaki mzizi, mwaka unaofuata unachipua tena unanyauka tena, miaka na miaka, mzizi unanenepa kule chini ndo siku moja unasimama. Hamjakumbuka mti gani hapo? MNINGA. Mninga wetu unafanya hivyo hivyo, mche unaweza kufa juu kila kiangazi kwa miaka kumi na zaidi kabla haujainuka. Kwahiyo unapokuta mninga mrefu kama nondo shambani kwa mtu jua chini ya miguu yako kuna historia huioni.

Ndo mana nasema mgodi wa wazi ni kitu kingine kabisa. Wanakata miti, sawa. Alafu linakuja katapila linabangua udongo wa juu wote, unalundikwa pembeni. Alafu baruti, alafu kijiko na matipa wanahamisha kifusi mpaka wafike kwenye makaa. Mbegu nyingi zilizolala ziko sentimita chache tu za juu, ukizichanganya na mita nzima ya udongo zinazikwa haziwezi kutoka. Lundo likikaa miaka, ndani hakuna hewa, mbegu zinaoza na kuvu wa mizizi wanakufa. Siku wanaurudisha juu ya kifusi wanarudisha vumbi lenye rangi ya udongo.

Naishia hapa kwanza, maswali karibuni.

DerevaWaKusini

Mkuu umeongea. Mi siyo msomi wa misitu mi natembeza gari, nimebeba makaa Mbinga kwenda bandarini Mtwara tangu ile vita ya Ukraine ianze wazungu wakaanza kuyatafuta kama dhahabu. Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, hiyo njia naijua na mashimo yake. Ninachoweza kusema ni vumbi. Kwenye vipande vya vumbi kiangazi ukiangalia majani ya pembeni ya barabara huwezi kujua ni mti gani, yote rangi moja. Nilikuwa nadhani ni uchafu tu mvua ikinyesha imeisha. Kuna madhara kweli au ndo hivyo tu?

Mwanamisitu

Kuna madhara kaka. Jani lina vitundu vidogo sana upande wa chini hasa, ndo linapumulia. Vumbi likikaa juu mwanga haupiti vizuri, jani linatengeneza chakula kidogo. Vumbi la makaa ni jeusi kwahiyo linafyonza joto, jani linapata moto kuliko la jirani. Likiingia kwenye vitundu linavizuia visifunge vizuri usiku, mti unapoteza maji. Mti mkubwa utavumilia, mvua itausafisha kama ulivyosema. Shida ni mche mdogo, na shida kubwa zaidi ni maua, maana msimu wa vumbi ndo msimu ambao miti mingi ya miombo inatoa maua na majani mapya kabla ya mvua. Hasdeo hivyo hivyo, mahua inatoa maua kiangazi. Ua likijaa vumbi chavua haishiki, tunda hakuna, na mwaka huo hakuna mbegu. Hakuna mti uliokufa hapo kwahiyo hakuna wa kuhesabu.

Mchumi Mkavu

Nyie watu wa mazingira mnanishangaza sana. India ina watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne wanataka umeme, makaa ndo yanawapa umeme mwingi, mnataka wakae gizani wasome na vibatari kisa maua ya mahua? Na hapa kwetu ndo mmeenda mbali. Tanzania misitu inamalizwa na mkaa wa kupikia, sio na makaa ya mawe. STAMICO, shirika la madini la serikali, wameleta zile Rafiki Briquettes, vipande vya kupikia vya makaa ya mawe, kusudi watu waache kukata miti, serikali imezuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kupikia kuni na mkaa, kwahiyo makaa ya mawe YANAOKOA msitu. Hekta mia mbili za shimo moja zinaokoa hekta elfu za miombo. Nipingeni kwa hesabu siyo kwa machozi.

Kijiwe cha Ruhuhu

Hapa Mchumi ana pointi jamani tusimrukie

Mwanamisitu

Ana pointi nusu, nampa nusu yake. Ni kweli mkaa wa kupikia unakula msitu mwingi kuliko mgodi wowote tulionao, hilo silibishi hata kidogo na briketi mtu akizitumia badala ya mkaa mimi nafurahi.

Ila makaa mengi ya Ruvuma hayaendi jikoni kwa mama lishe Mchumi. Yanaenda kwenye matanuri ya viwanda vya saruji na yanapanda meli. DerevaWaKusini amekwambia anayapeleka wapi. Kwahiyo ile hesabu ya shimo moja kuokoa hekta elfu, toa kwanza saruji, toa na meli, ndo utuambie kimebaki nini cha kwenda jikoni.

Alafu hizi hekta hazifanani. Mchoma mkaa akikata miombo anaacha kisiki na mizizi. Myombo, mtondoro, na mingineyo inachipua toka kwenye kisiki, usipolima pale na moto usipopita kila mwaka baada ya miaka ishirini au thelathini unakuta msitu, sio kama wa zamani lakini msitu. Sal ya India nayo ni bingwa wa kuchipua kisikini. Wakoloni wa Kiingereza waliikata sana kwa ajili ya mataruma ya reli na ikarudi. Mgodi wa wazi unaondoa kisiki, unaondoa mzizi, unaondoa na udongo uliokuwa umeshika mzizi. Hekta moja ya mkaa ina deni la miaka thelathini. Hekta moja ya shimo la makaa sijui niiweke miaka mingapi, na hayupo wa kunionyesha msitu wa sal uliorudi wenyewe juu ya kifusi ukawa na kila kitu chake.

Na umeme wa India siupingi. Makaa mengi ya India hayako chini ya misitu ya namna hii, ndo maana ile ramani ya 2009 iliwezekana kuchorwa, walijua wanaweza kuchimba kwingine. Na mwaka 2022 vitalu 21 vilivyokuwa viuzwe kwa mnada humo humo Hasdeo vilifutwa baada ya wanavijiji kutembea kama kilomita 300 mpaka mji mkuu wa jimbo, Raipur, mwaka uliotangulia, na bunge la jimbo kupitisha azimio bila mtu kupinga. Mmoja wa waliowaunganisha, Alok Shukla, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2024. Mbona giza halikuingia.

MlaMasuku

Jamani mi nina swali labda la kijinga. Mimi ni mtu wa Ruvuma, mvua za kwanza zikikolea tunaenda porini kuokota uyoga, mama yangu anaijua yote kwa majina, huu unaota chini ya myombo huu chini ya msuku, ukimpeleka kwenye shamba la mikaratusi anakwambia hapa hamna kitu rudi nyumbani. Umesema kuvu wa mizizi wanakufa kwenye lundo la udongo. Ndo huo huo uyoga au ni kitu kingine?

Mwanamisitu

Dada hilo swali si la kijinga hata kidogo, hilo ndo swali lenyewe!

Ndo huo huo, kwa ile ya porini mingi. Uyoga mnaouokota ni tunda tu la kuvu, mwili wake ni nyuzinyuzi zilizo ardhini zimevaa ncha za mizizi ya mti kama soksi. Mti unampa kuvu sukari, kuvu anamletea mti maji na fosforasi kutoka mbali ambako mzizi haufiki. Kitaalamu wanaita maikoriza. Miombo yetu, msuku, mtondoro na jamii ya myombo, wote wanaishi kwa mkataba huo, na udongo wetu ni maskini kiasi kwamba mche bila kuvu wake unadumaa. Ndo maana mama anajua mti upi una uyoga upi. (Ule mkubwa wa kwenye kichuguu ni hadithi nyingine, huo unalimwa na mchwa.)

Hasdeo chini ya sal kuna uyoga wa mviringo kama goroli unaitwa putu, mgumu nje, ndani mweupe ukiwa mchanga, mvua za kwanza zikipiga wanaufukua na vijiti na bei yake sokoni ni kuzidi nyama ya kuku siku zingine. Haulimwi. Unaota penye sal hai tu. Sasa mgodi umeondoa sal, ukapanda akasia. Bodi ya mgodi inaonyesha picha ya setilaiti ya kijani. Na yule mama wa Kigond akienda na kijiti chake anakuta nini? Kuvu huyo hawezi kuja kwa upepo leo kesho, na hata akija hana mti wa kumpokea.

MlaMasuku

Daah. Mama nikimsomea hii atasema hilo mbona alilijua bila chuo 😂 ila asante sana

Nzambani254

Wasee wa TZ hamjambo. Mimi ni wa Kitui, huku kwetu kuna Mui Basin, makaa yaligunduliwa, mkataba na kampuni ya Wachina ulitiwa saini 2013 na hadi wa leo hakuna tani hata moja imetoka ya maana. Watu wameishi miaka yote hiyo bila kujua wahame ama wapande maembe. Kuna kitu nimeona na sijasikia mkiongea: mtu akijua shamba lake litachukuliwa hapandi mti wa miaka ishirini, anapanda kitu ya msimu moja, na ule msitu wa jamii hakuna mtu anaulinda tena, kila mtu anakata yake kabla mwenzake akate. Kwa hivyo mgodi unaanza kula miti hata kabla tingatinga ifike.

Na ile kiwanda ya kutengeneza stima kwa makaa ya Lamu pia, mahakama ya mazingira ilifuta leseni 2019, na moja ya vitu watu wa Lamu walikuwa wanapigania ni mikoko. Hapo hata mgodi haukuwepo, ni kiwanda tu.

Mwanamisitu

Ndugu yangu wa Kitui hilo ni zito na sikulifikiria niliposhusha uzi. India wana cha kufanana nalo, kijiji cha Ghatbarra hapo Hasdeo kilipewa haki ya kijamii ya kumiliki msitu wake kisheria, mwaka 2016 ikafutwa kwasababu ilikuwa inakwamisha mgodi. Ukimnyang'anya mtu karatasi ya msitu, nani atazima moto kiangazi?

Fundi Maabara

Habari wakuu. Naona mnaongelea udongo na vumbi ila hamjagusa asidi. Nilivyosoma mimi shida namba moja ya makaa ya mawe ni maji yenye asidi. Kwenye makaa na mawe yake kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inatoa asidi ya salfuriki, maji yanashuka pH, yanayeyusha chuma na aluminiamu, na aluminiamu ikiwa imeyeyuka inachoma ncha za mizizi. Mbona hujaiweka?

Mwanamisitu

Sikuiweka kwasababu inategemea makaa ya wapi na mi sipendi kutisha watu kwa kitu ambacho sicho. Makaa ya India ya Gondwana, Hasdeo ikiwemo, yana salfa kidogo, kwahiyo pale asidi sio adui wa kwanza. Ukitaka kuona asidi India nenda kaskazini mashariki, Assam na Meghalaya, makaa ya kule ni machanga kwa umri na yana salfa nyingi, kuna mito ya Meghalaya inageuka rangi ya bluu majira ya baridi kwa ajili ya uchimbaji. Na Assam ndo kuna kisa cha hifadhi hasa, Saleki, pembeni ya msitu wa mvua wa Dehing Patkai wenye miti ya hollong mirefu ajabu. Mwaka 2020 bodi ya wanyamapori ilipendekeza mgodi wa makaa wa hekta 98 upewe ruhusa, kumbe hekta 57 zilishavunjwa kabla ya ruhusa! Kelele zikawa kubwa, mwaka 2021 sehemu ya msitu ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Ila tusijifariji na hilo jina la Gondwana. Makaa ya Afrika Kusini ya eMalahleni, zamani Witbank, nayo ni ya ukoo huo huo na maji ya migodi iliyoachwa kule ni asidi kabisa. Kwahiyo jibu sahihi ni wapime jiwe la sehemu husika kabla, na pia walipime jiwe la juu na la chini ya makaa, maana mara nyingi pairaiti imejificha huko.

Na kwenye maji kuna kitu kinachoua kimya kimya kuliko asidi: pampu. Shimo likishuka chini ya maji ya ardhini lazima uyanyonye mchana na usiku, maji yanashuka na eneo la pembeni pia, mpaka nje ya mpaka wa leseni. Mti wa kwenye kijito unaoishi kwa kugusa maji ya chini unaanza kukauka juu taratibu, ndani ya msitu ambao kwenye karatasi haujaguswa. Mto Hasdeo unajaza bwawa la Bango linalomwagilia mashamba mengi kule chini, nalo hesabu yake ya maji inaanzia kwenye vijito hivyo.

MbeziMpakaKöln

Habari za huko nyumbani. Naishi Ujerumani karibu na Hambach kwahiyo niongezee hapo kwenye pampu. Hapa kuna shimo la makaa ya kahawia lilianza 1978, kina kama mita 400, ukisimama ukingoni mashine kubwa kama jengo unaiona kama mchezo wa mtoto. Msitu wa Hambach ulikuwa zaidi ya hekta 4,000, mialoni ya miaka mingi, umebaki kama mia mbili. Vijana walijenga vibanda juu ya miti wakaishi humo miaka, Oktoba 2018 mahakama ikasimamisha ukataji, na sheria ya kuachana na makaa ya 2020 ikasema ubaki. Kwahiyo wameshinda, ila msitu umebaki kisiwa, shimo upande huu, barabara huku, na watu wa misitu wanasema unakauka kingoni kwa joto la shimo.

Ila nitetee kitu kimoja. Kifusi cha hilo shimo walikifanya kilima, kinaitwa Sophienhöhe, wakapanda msitu na wengine wanaenda kutembea Jumapili. Sehemu nyingine walibeba udongo wa juu wa msitu wa zamani moja kwa moja wakaumwaga kule bila kuulundika, na maua ya chini ya msitu yalitoka. Kwahiyo haiwezekani kabisa sikubali.

Mwanamisitu

Asante sana, na hicho cha kubeba udongo moja kwa moja ndo kitu ambacho ningeomba kila mgodi uige kesho asubuhi, huhitaji teknolojia ya mwezini, ni kupanga ratiba tu: unabangua sehemu mpya siku ambayo sehemu ya zamani iko tayari kupokea. Lakini angalia na tofauti. Mwaloni na wenzake wa kule wamezoea kuhamahama, barafu ya kale ilifuta misitu ya kaskazini yote ikaanza upya. Msitu wa sal au miombo haujawahi kupewa zoezi hilo. Na kile kilima kina miaka arobaini na kina pesa za Wajerumani nyuma yake. Mi naijua migodi ambayo hata uzio wa shimo umeshindikana.

Mchumi Mkavu

Haya umeongea vizuri mzee nakubali kadhaa. Sasa unataka nini hasa? Maana kulalamika ni rahisi. Makaa yasichimbwe kabisa? Sema tukuelewe.

Mwanamisitu

Sijasema yasichimbwe kabisa. Nataka "usiguse" iwe usiguse. Ikishachorwa ramani ya msitu wa kutoguswa isije ikaanza kuliwa pembeni, kwasababu kila pembeni ikiliwa inazaliwa pembeni mpya ndani zaidi. Zimbabwe mwaka 2020 kampuni mbili za Kichina zilipewa ruhusa ya kutafuta makaa ndani ya hifadhi ya Hwange, watu wakapiga kelele, ndani ya mwezi huo wa tisa baraza la mawaziri likatangaza hakuna uchimbaji kwenye hifadhi za taifa. Inawezekana. Na sisi tusijione salama, mpaka wa pori la akiba la Selous ulisogezwa 2012 kwa ajili ya urani ya Mkuju, Namtumbo hapo hapo Ruvuma. Sisemi migodi ya makaa ya Mbinga iko ndani ya hifadhi, nasema mpaka ni mstari na mstari unafutika.

Pale panapochimbwa, fidia isipimwe kwa idadi ya miche. Ipimwe kwa aina zilizorudi bila kupandwa. Mche uliopanda wewe unaonyesha bajeti tu. Ule uliojileta wenyewe, ndege kainya mbegu au mzizi umechipua, huo ndo unakwambia udongo uko hai.

Kijiwe cha Ruhuhu

Swali la mwisho mkuu, mwananchi wa kawaida akiletewa ile mikutano ya maoni ya mradi anauliza nini? Maana tunaitwa, tunapewa soda, tunasaini mahudhurio, tunaondoka.

Mwanamisitu

😂😂 soda na mahudhurio, umenikumbusha mbali.

Sheria ya Misitu ya 2002 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kama mgodi ndani ya hifadhi ya msitu, kwahiyo ripoti lazima iwepo, waambie wawaonyeshe kurasa za mimea, sio muhtasari. Angalia orodha. Kama imejaa miti mikubwa tu na hakuna nyasi, hakuna mitambaa, hakuna mimea ya viazi vya chini, ujue walipita na gari. Alafu uliza wataalamu walikuja mwezi gani. Hili watu hawaulizi kabisa. Zile okidi za ardhini ambazo wanachimba viazi vyake nyanda za juu kusini kupeleka Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa na viazi hivyo, hifadhi ya Kitulo zipo tele, ukienda mwezi wa tisa huoni hata moja, ziko chini zimelala, zinatoka na mvua. Ripoti iliyofanyika kiangazi itaandika "hakuna mimea adimu" na itakuwa haijadanganya.

MlaMasuku

Sasa hapo si wamuite tu mama na wenzake wawapitishe porini mwezi wa kwanza, kwa bei ya soda

DerevaWaKusini

Mama akienda na mimi nitafutieni nafasi, gari ninayo

Mwanamisitu

Kwenye ripoti wataandikwa "wadau" alafu majina ya mimea waliyotaja yatawekwa kwenye kiambatisho namba saba huko. Ila bora yawepo kiambatisho namba saba kuliko yasiwepo, kwahiyo kama kuna mtu wa Mbinga, Ludewa au Ileje humu ana ripoti ya mradi wowote wa makaa aiweke hapa tuifungue ukurasa wa mimea tuusome pamoja.